Mgomo wa wasichana katika filamu ya Stick It: je, ungewezekana katika mashindano ya kweli?

Mzazi_Tanga aliuliza:

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Juma lililopita niliketi na binti yangu wa miaka 13, ambaye kwa mwaka wa pili sasa anajifunza jimnastiki, tukaitazama filamu ya Stick It iliyotoka mwaka 2006. Kwa wasioifahamu, inamhusu Haley Graham, msichana wa Texas mwenye miaka 17, aliyekuwa katika timu ya taifa ya Marekani kisha akaondoka ukumbini katikati ya mashindano ya dunia na kuikosesha timu yake dhahabu. Anapokamatwa kwa kuharibu nyumba iliyokuwa ikijengwa, hakimu anamrudisha kwa lazima kule kule alikokukimbia, yaani kwenye ukumbi wa mazoezi, safari hii chini ya kocha Burt Vickerman, anayeigizwa na Jeff Bridges.

Kilichotushika sote wawili ni sehemu ya mwisho. Mina, mmoja wa wasichana wa Vickerman, anaruka mruko mgumu mno na kutua vizuri, lakini waamuzi wanampa 9.500, na sababu inayotolewa ni kwamba kamba ya sidiria yake ilionekana. Zamu ya Haley inapofika, anaivuta kamba yake mwenyewe hadharani ili kila mtu aione, anajiondoa bila kuruka, na wenzake wanafuata mmoja baada ya mwingine hadi Mina anapata dhahabu aliyostahili. Kuanzia hapo wasichana wanapatana wao wenyewe ni nani aliye bora katika kila kifaa, na waliobaki wanampisha.

Binti yangu alisimama kitini akapiga makofi. Mimi nilibaki na maswali matatu. Je, ni kweli kwamba mtu anaweza kukatwa alama kwa sababu ya kamba ya sidiria? Mbona alama za kwenye filamu zinaishia kumi, ilhali katika mashindano tunayoyaona siku hizi kwenye runinga zinatajwa 14 na 15? Na la tatu, ambalo ndilo aliloniuliza binti mwenyewe nikakosa jibu: wanamichezo wa mchezo huu wamewahi kweli kusimama mbele ya wenye mamlaka na kukataa, au mwandishi wa filamu alijitungia tu? Sipendi kumjibu kwa kubahatisha, maana anachokiona pale anakipeleka mazoezini kesho yake.

Mwalimu_wa_Viungo alijibu:

Ndugu Mzazi, nimefundisha elimu ya viungo kwa miaka mingi, na maswali yako mawili ya mwanzo ninaweza kuyashughulikia. La tatu nawaachia wengine.

Kukatwa alama kwa sababu ya vazi ni jambo la kweli. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki zinataka vazi liwe nadhifu na la staha, na mwenye kasoro ya vazi hupunguziwa sehemu tatu za kumi. Makato hayo hayahusiani hata kidogo na namna alivyoruka. Hutolewa kwenye jumla yake, kama vile anavyokatwa aliyekanyaga nje ya mpaka wa zulia. Kwa mtazamaji wa kawaida sehemu tatu za kumi ni kitu kidogo, lakini katika fainali ambamo nafasi ya kwanza na ya nne hutenganishwa na kiasi hicho au pungufu yake, kamba ya nguo inaweza kumvua mtu medali. Kwa hiyo filamu haikuzua. Imechukua kanuni iliyopo na kuiweka mahali inapouma zaidi, yaani juu ya mtu aliyefanya kazi ngumu kuliko wote bila kosa la mwili.

Kuhusu kumi, inabidi turudi nyuma kidogo. Tarehe 18 Julai 1976, katika Olimpiki ya Montreal, Nadia Comăneci wa Romania, akiwa na miaka 14, alifanya zoezi lake kwenye vyuma viwili vyenye vimo tofauti, na ubao wa matokeo ukaonyesha 1.00. Ukumbi ulinyamaza kwanza. Ubao haukuwa umetengenezwa kuonyesha tarakimu nne, kwa kuwa hakuna aliyetarajia kwamba kumi kamili ingetolewa, na ilibidi mtangazaji aeleze. Nadia alipata kumi saba katika michezo ile. Tangu siku hiyo kumi ikawa ndiyo lugha ya mchezo huu kwa watu wote, hata wasiojua lolote juu yake.

Kilichoiangusha ni Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Yang Tae-young wa Korea Kusini alianziwa na 9.9 badala ya 10.0 kwenye nguzo sambamba, yaani alama ya juu kabisa ambayo zoezi lake lingeweza kupata iliwekwa chini ya ilivyostahili, kosa la waamuzi lililokuwa la hesabu tupu, akaishia na shaba huku Paul Hamm wa Marekani akichukua dhahabu ya jumla, yaani ya mchezaji bora katika vifaa vyote. Waamuzi watatu walisimamishwa, lakini matokeo yakabaki yalivyo. Mwaka 2006, mwaka uleule ambao filamu yenu ilitoka, kumi ya zamani iliondolewa katika mashindano ya kimataifa. Sasa jopo moja huhesabu ugumu wa zoezi, ambao hauna kikomo, na jopo jingine huanzia kumi na kukata kwa kila kosa la utekelezaji: sehemu moja ya kumi kwa kosa dogo, tatu kwa la kati, tano kwa kubwa, na alama nzima kwa kuanguka. Kisha hujumlishwa. Kaylia Nemour wa Algeria aliposhinda dhahabu ya vyuma mjini Paris mwaka 2024, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa bara letu katika mchezo huu, alipata 15.700, ikiwa ni 7.2 za ugumu na 8.5 za utekelezaji. Mwonyeshe binti yako zoezi lile ukiweza. Halichukui hata dakika nzima.

Usidhani, hata hivyo, kwamba hesabu mpya ilimaliza manung'uniko. Nastia Liukin, anayeonekana kwa muda mfupi katika filamu hiyo akiwa yeye mwenyewe, alikwenda Beijing mwaka 2008 akatwaa dhahabu ya jumla, kisha katika fainali ya vyuma akalingana na He Kexin wa China kwa kila kitu: 16.725 kwa 16.725, ugumu 7.7 kwa 7.7, utekelezaji 9.025 kwa 9.025. Kanuni ya kuvunja sare iliingia ndani ya makato ya mwamuzi mmoja mmoja, ikampa He dhahabu na Nastia fedha. Wachezaji wawili walifanya kazi iliyopimwa kuwa sawa kabisa, na bado ilibidi mmoja awe chini.

Bint_Shangani alijibu:

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa maelezo. Mimi nitashika swali la tatu, kwa sababu filamu hii nimeitazama mara nyingi tangu nilipokuwa msichana na bado ninaipenda kwa dhati.

Kwanza niseme kwamba Jessica Bendinger, aliyeiandika na kuiongoza, aliwaheshimu wanajimnastiki. Missy Peregrym anayeigiza Haley hakuwa mwanajimnastiki, na sehemu kubwa ya mazoezi magumu yanafanywa na mbadala wake, Isabelle Severino wa Ufaransa. Lakini Maddy Curley anayeigiza Mina alishindana kweli chuoni, na Tarah Paige anayeigiza Tricia Skilken naye ametoka katika mchezo wenyewe. Hata watangazaji wa mwisho, Tim Daggett, Bart Conner na Elfi Schlegel, ni watu wa mchezo huo. Jina lenyewe la filamu ni amri ya ukumbini: tua, ganda, usisogeze unyayo.

Tukio lililo karibu zaidi na mgomo ule ninalolijua ndani ya ukumbi wa mashindano ni la Alexei Nemov wa Urusi, katika fainali ya chuma kirefu huko Athens mwaka 2004. Alikiachia chuma na kukidaka tena mara sita katika zoezi moja, akapewa 9.725. Umati ulizomea, ukaendelea kuzomea dakika baada ya dakika, na Paul Hamm aliyekuwa anafuata hakuweza kuanza. Waamuzi walibadilisha alama ikawa 9.762, na zomeazomea ikazidi. Mwishowe aliyeituliza ni Nemov mwenyewe: alipanda tena jukwaani, akawashukuru watu, kisha akawaashiria wanyamaze ili mwenzake afanye kazi yake. Alimaliza wa tano. Kila ninapolikumbuka tukio hilo namwona Haley, isipokuwa kwamba pale waliogoma walikuwa watazamaji, na mchezaji ndiye aliyewaomba waache.

La pili ni la Sydney mwaka 2000. Katika fainali ya jumla ya wanawake, wasichana hodari walianguka kwenye farasi wa kurukia mmoja baada ya mwingine, akiwemo Svetlana Khorkina, na kila aliyeanguka aliona kosa ni lake. Allana Slater wa Australia ndiye aliyetazama na kusema kwamba farasi hakuwa katika kimo chake. Walipopima wakakuta amewekwa sentimita tano chini. Hebu fikirini: wasichana wanakimbia kwa kasi yote, wanaruka wakitegemea kwamba chombo kipo mahali fulani, na chombo hakipo. Waliruhusiwa kurudia mruko, lakini Khorkina alikuwa ameshakwenda kwenye vyuma akiwa amevunjika moyo, na huko nako akaanguka. Naona neno la Slater ni kubwa kuliko mgomo wa filamu, kwa sababu alilisema akiwa peke yake.

Na la tatu linamgusa Mina moja kwa moja. Mwaka 2019 Simone Biles wa Marekani alipeleka Stuttgart mshuko wa kwenye boriti, yaani namna ya kuruka kushuka kutoka kwenye ule ubao mwembamba, ambao hakuna mwanamke aliyewahi kuufanya katika mashindano ya dunia, kupinduka mara mbili huku anajizungusha mara mbili, na shirikisho likaupa thamani ndogo kuliko aliyoitarajia yeye na wengi wengine, likieleza kwamba halitaki kuwavuta wengine katika hatari. Alilalamika hadharani. Aliufanya hata hivyo, na mshuko huo sasa una jina lake.

Ninachokiona katika matukio haya matatu ni kwamba kila mtu alisimama peke yake. Nguvu ya filamu iko katika Tricia Skilken, yule kipenzi wa waamuzi ambaye angeweza kuvunja mpango mzima kwa kushindana tu kama kawaida, na ambaye mwishowe anajiondoa kwenye zulia ili Haley ashinde. Bila yeye wale wengine wangeonekana watoto wakorofi.

Mkufunzi_Nakuru alijibu:

Dada Bint Shangani ameeleza vizuri, lakini mimi sikubaliani nanyi katika jambo moja, nami nalisema nikiwa mtu anayefundisha watoto mchezo huu kila Jumamosi. Filamu imemwelekezea kidole mtu asiye mkosaji mkubwa. Imewafanya waamuzi kuwa adui na kocha kuwa mtu mwenye moyo mzuri uliofichwa ndani ya ukali. Tunaambiwa tangu mwanzo kwamba Vickerman ana sifa ya kuumiza wasichana wake, na tunaambiwa kwamba Haley aliondoka kwenye mashindano ya dunia baada ya kugundua kwamba mama yake ana uhusiano na kocha wake wa wakati ule. Haya ni mambo mazito. Filamu inayapitia haraka, kisha inarudi kwenye muziki na rangi.

Ukumbi wa Vickerman umewekwa Houston. Si mbali sana na hapo, karibu na Huntsville katika jimbo lilelile la Texas, ndipo lilipokuwa shamba la Béla na Márta Károlyi, waliomfundisha Nadia, wakaikimbia Romania mwaka 1981, na baadaye wakageuza shamba hilo kuwa kambi ya timu ya taifa ya wanawake ya Marekani. Wazazi hawakuwa wakiingia huko. Daktari wa timu, Larry Nassar, aliwadhulumu wasichana kwa miaka mingi kwa jina la matibabu, na shamba lile lilikuwa mojawapo ya mahali alipofanyia uovu huo. Filamu ilipotoka mwaka 2006, hayo yalikuwa yakiendelea.

Ndiyo maana swali la binti yako, Ndugu Mzazi, lina jibu ambalo hamjalitaja. Mwaka 2016 Rachael Denhollander alisimama wazi kwa jina lake katika gazeti la Indianapolis Star na kueleza aliyotendewa. Wengine wakafuata. Mwezi Januari 2018, katika mahakama ya Lansing, Michigan, wanawake na wasichana zaidi ya 150 walitoa kauli zao mbele ya Nassar kwa muda wa siku saba, wengine ana kwa ana na wengine kwa maandishi, na jaji Rosemarie Aquilina akamhukumu kifungo cha miaka 40 hadi 175. Mwezi huohuo shirikisho la Marekani lilikata uhusiano na lile shamba. Mmoja baada ya mwingine, vilevile kama katika filamu, kila aliyetangulia akimpa nafasi anayefuata. Ule ndio mgomo. Haukufanyika kwenye zulia kwa sababu kwenye zulia walikuwa watoto, na mtoto aliyefundishwa tangu miaka sita kwamba maumivu ni sehemu ya kazi hajui kwamba ana haki ya kukataa.

Nitatoa mfano wa pili, maana wengi bado wanausimulia kama hadithi ya ushujaa. Huko Atlanta mwaka 1996 Kerri Strug aliumia kifundo cha mguu katika mruko wake wa kwanza, akarudi akikimbia kwa mguu ule ule, akaruka tena, akatua, akasimama kwa mguu mmoja mbele ya waamuzi, kisha akaanguka magotini. Alipewa 9.712 na timu ikapata dhahabu. Béla Károlyi akambeba mikononi, na picha ile ikazunguka dunia nzima. Baada ya hesabu kufanywa ilionekana kwamba Marekani ingeshinda hata kama asingeruka mara ya pili. Sasa linganisheni na Tokyo, tarehe 27 Julai 2021: Simone Biles alipaa katika mruko wake wa kwanza wa fainali ya timu, akapoteza hisia ya mahali alipo angani, akajizungusha mara moja na nusu badala ya mbili na nusu, akatua, akatoka, akasema haendelei. Timu ikapata fedha. Kati ya siku hizo mbili kuna miaka 25, na kwangu mimi mchezo wote umebadilika katika nafasi hiyo, kwa sababu mtu mzima mwenye miaka 24 aliamua juu ya shingo yake mwenyewe na hakuna aliyembeba kumrudisha.

Kwa hiyo mwache binti aitazame filamu, na aipende. Lakini mwambie kwamba sehemu ya sidiria ndiyo nyepesi. Pengine Haley alikuwa jasiri zaidi siku ile alipotoka ukumbini bila kumweleza mtu, kuliko siku ile alipotoa kamba.

Mzazi_Tanga aliandika tena:

Mwalimu, Dada, Mkufunzi, ninawashukuru sana. Nilimsomea binti yangu majibu yote jana usiku, isipokuwa ya Nassar niliyomweleza kwa maneno yangu mwenyewe, polepole, na mama yake akiwa ameketi nasi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama yule aliyesema farasi yuko chini aligombezwa na kocha wake. Nikamwambia kwamba walipopima, walikuta amesema kweli.

Leo asubuhi nilikwenda kwenye ukumbi wake na kuomba wazazi waruhusiwe kukaa ndani wakati wa mazoezi, na kwamba daktari au mchuaji yeyote asimguse mtoto bila mzazi kuwapo. Sikukataliwa, ingawa nilitazamwa kwa mshangao. Nitakwenda tena Jumamosi na wazazi wengine wawili.

Jambo moja limebaki, nalo ni dogo. Binti ameniambia, kwa mara ya kwanza, kwamba hapendi vazi la mapaja wazi, na amekuwa akilivumilia kwa sababu alidhani ni lazima. Je, ni lazima?

Mwalimu_wa_Viungo alijibu:

Marahaba kwa wote, na hongera kwa hatua uliyochukua.

Si lazima. Vazi linalofunika miguu hadi vifundoni linaruhusiwa na kanuni za kimataifa, na lilikuwa linaruhusiwa hata kabla watu hawajalizungumzia. Mwezi Aprili 2021, katika mashindano ya Ulaya mjini Basel, Sarah Voss wa Ujerumani alishindana akiwa amelivaa, na wenzake wakafuata. Miezi michache baadaye timu yao nzima ililivaa Tokyo. Hawakukatwa alama yoyote kwa hilo. Nilifurahi sana siku ile, kwa sababu wasichana niliowahi kuwaona wakiuacha mchezo huu wakiwa na miaka 12 au 13 hawakuuacha kwa sababu ya ugumu wake.

Mkienda kwa fundi, mwambieni achague kitambaa kinachovutika pande zote mbili na kinachoshika mwili bila kulegea magotini wala kiunoni. Binti anapojikunja hewani hushika miguu yake kwa mikono, na kitambaa kinachoteleza kitamfanya aachie mapema kuliko alivyozoea. Kwa hiyo alivae kwanza mazoezini kwa majuma kadhaa, akianza na zulia, kisha vyuma, na boriti iwe ya mwisho, kwa kuwa upana wake ni sentimita 10 tu na mguu unapaswa kuijua vizuri nguo mpya kabla ya kupanda pale.